Ufuta, Sukari Guru na Uzi wa Nasra

Amal na Thuraya, nyinyi mnaoshika kazi yangu, mmenambia niandike nnayoyajua kabla sijayasahau. Kusahau bado. Majina yote ninayo, tokea mwanamke wa mwanzo niliyemfungulia mlango mpaka yule wa Alhamisi niliyoaga. Kuandika ndiyo kazi. Unguja nilisoma mpaka darasa la tatu, halafu hapa Maskati nikaingia masomo ya watu wazima, kwa hivo herufi zangu kubwa na mistari inapanda mlima. Someni polepole.

Nyinyi mmeikuta kliniki ya Daktari Sarojini ina viti vya ngozi na kompyuta. Mie nilikikuta chumba kimoja nyuma ya soko la Sib. Mbele rafu za chupa, katikati pazia la kijani, nyuma ya pazia kinu cha chuma, jiko na sufuria tatu. Daktari katoka Kerala, kusini ya Uhindi. Dawa yao ya kwao ni Ayurveda, ya mizizi na majani na namna ya kula, naye kaisomea chuoni, hakurithishwa na bibi yake. Hili alikuwa akilitaja mara kwa mara, hasa kukiwa na bibi karibu.

Siku niliyoingia nilifata mafuta ya magoti. Nimefiwa na mume mwaka ule, watoto wameshaoa na kuolewa, magoti ndiyo yalikuwa shughuli yangu. Nikamkuta Bi Ghania binti Hamed, jirani yangu wa zamani, anababaishana na Daktari. Bi Ghania anasema Kiswahili kwa sauti kubwa, kama kwamba mwenzake kiziwi, na Daktari anajibu Kihindi kilichochanganyika na Kiarabu cha dukani. Mie Kihindi nilikipata utotoni, majirani zetu Unguja walikuwa Wahindi, tukicheza barazani kwao. Nikaingia kati. Nikamwambia Daktari, huyu mama anasema siku za binti yake hazina mpango, mwezi huu zinakuja mara mbili, halafu zinapotea miezi miwili, na binti mwenyewe kaona haya kuja. Daktari akauliza binti analala saa ngapi. Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza tena, akasema ndiyo, analala saa ngapi, na asubuhi anakula nini.

Nilisahau mafuta ya magoti. Nilirudi nyumbani nnajiuliza usingizi una nini na damu ya mwezi. Kesho yake nikarudi, nikamwambia Daktari kama anataka mtu wa kumfasiria, mie nipo.

Hakunipa ufagio wala hakunipa kinu. Alinikalisha, akanambia nifumbe macho, akanipitishia vibakuli kumi na viwili chini ya pua. Tangawizi kavu, uwatu, shamari, mdalasini, habasoda, hizo zilikuwa rahisi, ni vitu vya jikoni. Nikapata na bizari na iliki na ufuta. Vibakuli vinne vilinishinda, na kimoja kilikuwa na mizizi mikavu iliyonuka kama gunia lililoroa maji likakaushwa na udi. Akanambia hiyo ndiyo niijue kuliko zote, mana inateremsha damu iliyokwama, na haitoki dukani mpaka yeye aseme. Kila asubuhi kwa mwezi mzima nilinusa kabla ya kunywa chai. Nyinyi mnasoma vibandiko. Someni, lakini nuseni pia. Kibandiko kinabanduka.

Dawa iliyokuwa ikitoka sana ni ile ya ufuta mweusi na sukari guru. Ufuta unakaangwa kavu kwa moto mdogo mpaka uanze kurukaruka, unaepuliwa, unapoa, unatwangwa na sukari guru na tangawizi kidogo, unafinyangwa tonge za ukubwa wa kokwa ya tende. Mwanamke anakula moja asubuhi na maji ya moto, siku zikikaribia, na damu ikija anawacha. Sufuria yangu ya mwanzo niliunguza. Daktari akaonja, akatema, akanambia hii itafaa kupakia nywele. Wanawake wetu nao walikuwa na yao. Moza binti Khalfan alikula halua mwezi mzima, akaja kushtaki kwamba dawa haifanyi kazi. Nikamuuliza halua imetoka wapi kwenye maneno yangu. Akasema halua si ina ufuta na sukari? Kaokoa tabu ya kutwanga. Daktari aliponiona nnacheka akataka nimfasirie, nikamfasiria, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akaandika kwenye kitabu chake: ameongeza kilo tatu.

Kuhesabu ndiko kulikotusumbua. Daktari anauliza, mara ya mwisho lini? Mwanamke anajibu, ilikuwa siku ile alipokuja wifi yangu. Au anajibu kwa mwezi wa Kiislamu, Daktari anaandika kwa mwezi wa kizungu, mie katikati nnahesabu kwa vidole na nnapotea. Wengine walisadiki siku zao zimeharibika kwa sababu kila mwezi zinarudi nyuma siku mbili tatu kwenye kalenda ya ukutani. Ukihesabu kwa mwezi wa angani, hana kasoro, siku zake zinakwenda kama saa.

Basi nikaanzisha nyuzi. Kila mwanamke nnampa uzi mrefu wa pamba mweupe, namwambia kila asubuhi ukishasali alfajiri funga fundo moja. Siku ya kwanza ya damu, kwenye fundo la siku ile pachika kipande cha uzi mwekundu. Ukija kwetu njoo nao. Daktari mwanzo aliona mchezo. Baada ya miezi mitatu akawa hasemi na mgonjwa mpaka uzi uwe mezani. Anaupitisha kwenye vidole kama tasbihi, kutoka nyekundu mpaka nyekundu, anasema ishirini na tisa, thelathini na nne, hamsini na moja. Nyuzi za waliopona wakawacha dawa nikizitundika kwenye misumari nyuma ya pazia, na kila msumari nnajua wa nani bila ya kuandika.

Ramadhani tu ndiyo tulikuwa hatufungi mafundo. Sababu mnaijua. Mwezi ule kila mwanamke anajua siku alizokula kwa sababu ya damu, na nyumba nzima inajua, mana lazima azilipe baadae. Nikawambia wapumzishe vidole, saumu inajihesabu yenyewe. Nilijiona hodari kwa hilo. Liwekeni akilini, ntalirudia.

Mambo mengi niliyaona kwa nyuzi zile, na mengine mpaka leo siyajui sababu yake. Mercy, msichana wa Kenya aliyekuwa akifanya kazi kwenye nyumba moja huku Sib, alikuja uzi wake una mafundo tisini na hapana wekundu. Akanambia, "Bibi, mimi sina mwanaume, usiniangalie hivyo." Nikamwambia simwangalii hivo, ndivo nilivoumbwa. Daktari akamtaka apimwe hospitali kwanza, akapimwa, hana mimba wala ugonjwa. Ndipo akamuuliza usingizi. Analala saa nne kwa siku, anaamka kumtizama mzee, halafu anaanza kazi. Daktari hakumpa hata tonge moja. Alinituma mie kwa bibi mwenye nyumba, nikaenda nikanywa kahawa, nikasifu mapazia, halafu nikasema msichana huyu akilala mpaka saa mbili asubuhi atakuwa mzima na kazi itakwenda. Yule bibi alikunja uso, lakini akamruhusu. Mwezi wa pili Mercy akaleta uzi una kipande chekundu, kakipachika kikubwa kama bendera.

Nilimuuliza Daktari siku moja, hivi kinachowaponya ni ufuta, au ni usingizi, au ni huku kukaa kila asubuhi mtu akaufikiria mwili wake mwenyewe? Alikuwa anapima uwatu kwenye mizani. Akanambia, "Bibi, na mie najiuliza." Nilimpenda kwa jibu hilo. Miaka ishirini na mbili tumeulizana swali lile lile na kila mwaka tulikuwa na jawabu jengine.

Sasa nakuja kwa Nasra. Nyinyi mmesikia vipande vipande kwa watu, bora mpate kwangu.

Nasra alikuwa mke wa Salim, na mama mkwe wake ni Bi Raya wa Hail, tuliyefahamiana naye tokea Unguja. Miaka saba ya ndoa, hapana mtoto. Siku zake zilikuwa zikikaa hamsini, sitini, mara moja zilifika sabini. Kila zikichelewa alikuwa akinunua kipimo cha mkojo duka la dawa, anajifungia chooni, anatoka macho mekundu. Alikuwa mtu wa maneno machache na mizaha mikavu. Akinambia uzi wake ukiendelea hivi atautumia kuanikia nguo. Alifata kila alichoambiwa. Alilala mapema, kala ufuta, kawacha vitu baridi, kapakwa mafuta ya moto tumboni, na siku zikaanza kusogea kidogo kidogo, arubaini na tano, arubaini na mbili.

Mwisho wa Shaaban akaja kabla ya mwezi kuandama. Uzi wake mpya ulikuwa na mafundo arubaini na moja tokea wekundu wake mmoja. Kwake si ajabu. Daktari akasema Ramadhani asile dawa yoyote, afunge na apumzike. Ikiwa mpaka Idi damu haijaja, basi Sikukuu tatu, siku ya tatu ya Idi, aanze ile mizizi, ile yenye kunuka gunia na udi, kikombe kimoja kwa siku. Halafu Daktari akanitizama mie, akasema kwa Kihindi: lakini kabla ya kuanza apime mimba. Mwambie. Bila ya kupima asiguse.

Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya mfungo, chumba kimejaa, kila mwanamke anataka vyake. Lakini sitasingizia watu. Nasra alikuwa keshanambia, mara ya nyuma alipokuja, nisimtajie tena kile kipimo. "Bi Zuwena, nipe dawa yoyote, nitakunywa hata ya ng'ombe. Hiko kijiti usinitajie." Alisema hali ya kucheka, na mdomo ulikuwa ukimtetemeka. Basi siku ile nilimfasiria yote. Nilimwambia afunge, apumzike, asubiri mpaka Sikukuu tatu, kikombe kimoja. Neno la kupima nililimeza. Nikamfungia kifurushi kwa fundo langu la mara mbili, nikamwambia Ramadhani njema.

Sikuona nimedanganya. Niliona nimefanya wema, na wema ule nilitembea nao mwezi mzima, nikiusalia na taraweh.

Sikukuu pili nikaenda Hail kwa Bi Raya. Sebule imejaa wanawake, fuala ya kukirimu wageni imetandazwa, halua, tende, matunda, kahawa inazunguka. Mazungumzo yakafika kwenye saumu, nani kala siku ngapi, nani ataanza kulipa lini, nani atafunga zile sita za sunna. Bi Raya akajinyoosha kwenye mto wake, akasema, "Mkwe wangu mimi hana cha kulipa. Kafunga thelathini kamili, hata siku moja hakula."

Mmoja wao akamtania, "Basi ushapata mzee mwenzio humu ndani." Wakacheka wote. Na Bi Raya akacheka, hakuwa na habari, alikuwa anajivunia saumu.

Mie nikaweka kikombe chini: mwezi mzima damu haikumjia. Arubaini na moja, na thelathini, na hizi mbili. Mafundo sabini na tatu, na mwezi mzima katikati ambao mie mwenyewe niliwambia watu wasihesabu. Na wakati nnahesabu, pua yangu ikanambia jengine. Nyuma ya iliki ya kahawa na udi wa sebuleni, ilikuwa inakuja harufu kutoka jikoni, ya gunia lililoroa.

Nasra alikuwa jikoni kwenye nguo yake ya Idi, hina mpaka kwenye viwiko, anakoroga sufuria ndogo. Nikazima jiko kabla sijamwamkia.

"Ushaanza?"

"Jana, kikombe kimoja. Nikaona kwa nini nisubiri kesho." Akanitizama. "Kwani vipi?"

Nikamwambia, "Daktari alisema upime kwanza. Alisema mbele yako, kwa Kihindi. Mie sikukufasiria."

Hakuelewa mara ya kwanza, ikabidi niseme tena, na mara ya pili ilikuwa nzito zaidi. Akauliza kwa nini.

"Nilikuonea huruma."

Akaweka mwiko chini. "Nani alikwambia unionee huruma?" alisema, na hakupandisha sauti.

Salim alitupeleka hospitali, mie na Nasra nyuma ya gari. Walimpima mkojo, halafu wakampitishia kile chombo tumboni. Mie nilibaki kwenye kiti cha nje. Salim alitoka akanambia yumo, na moyo unapiga. Alisema "yumo" kama mtu aliyekuwa akibisha hodi kwenye nyumba miaka saba na leo kasikia mtu ndani. Halafu akasema kuna damu kidogo imeanza, wanamweka kitandani, hawajui itakuwaje. Daktari wa hospitali alipoulizwa kama ni kile kikombe, alisema huenda, na huenda sicho. Nilitaka sana aseme moja.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Daktari Sarojini nikamwambia. Alivua miwani, akaivaa tena. Akanambia, "Bibi, mimi nikisema, wao wanakusikia wewe. Mimi sina sauti nyengine humu." Halafu akasema na yeye kakosa, dawa kama ile haikufaa kutoka mlangoni kwa maneno tu, kabla ya kuona kipimo kwa macho yake. Kutoka siku ile mizizi ile ikaingia kwenye mtoto wa meza, ile droo yenye kufuli, ndiyo ile kufuli mnayoilalamikia nyinyi kwamba ufunguo mgumu. Wacheni uwe mgumu. Na mie akanirudisha kwenye kinu, mwezi mzima nnatwanga, hapana kufasiri. Nilitwanga vizuri sana.

Hapo ndipo ilipotoka kanuni ya kurudia. Mwanamke haondoki mpaka arudie yote aliyoambiwa kwa mdomo wake, na Daktari anahesabu kwa vidole: mambo matano yameingia, matano yatoke. Kiswahili hakijui, lakini vidole anavijua. Na Ramadhani mafundo yanafungwa kama miezi myengine.

Nasra alilala wiki tatu. Damu ikakatika. Habari nilizipata kwa watu, yeye mwenyewe hakuja wala hakupiga simu, na Bi Raya aliponiona sokoni alipita upande wa samaki. Nilimwelewa. Kila asubuhi nikisha kusali nilikuwa nikijiuliza kama bado yumo. Hapana siku niliyojiuliza dawa zetu zinafanya nini ndani ya mwili kama nilivojiuliza miezi ile. Kitu kinachoweza kumsaidia huyu na kumvunja yule, na tofauti yake ni neno moja la mtu aliyesoma mpaka darasa la tatu.

Siku aliyorudi nilikuwa nachekecha tangawizi. Nikasikia pazia, nikageuka, nikamuona kasimama na mtoto mikononi, wa kike, siku arubaini zimeshapita. Daktari alitoka mbio kumpokea. Mie nilibaki na chekecheke mkononi.

Nasra hakunipa mtoto. Alitia mkono mkobani, akatoa uzi, akauweka kwenye meza mbele yangu. Ulikuwa mrefu, umeungwa mara mbili. Nikauvuta kwenye vidole kutafuta wekundu. Mwekundu mmoja tu mwanzoni, wa mwezi wa Rajab, halafu fundo, na fundo, na fundo. Hata yale thelathini ya Ramadhani alikuwa kayarudisha baadae, madogo na yamebanana, kama mtu aliyeyafunga siku moja.

Nikamuuliza, mwanangu, ulikuwa unaendelea kuhesabu ya nini?

"Ulinambia kila asubuhi fundo moja, mpaka damu ije," alisema. "Ya mwezi haikuja, mpaka nikazaa. Mie nafata maneno niliyoambiwa, Bi Zuwena."

Daktari akataka kujua kasema nini. Nikamfasiria lote, hata lile la mwisho, na kwa sauti ile ile. Ndipo Nasra aliponikabidhi mtoto.

Niliyahesabu baadae, mara mbili kwa hamu ya kujua tu: mafundo mia mbili na sabini na moja. Uzi uko kwenye msumari wa mwisho, upande wa dirisha. Mtu atakuja kwenu anakusihini msimtajie kitu fulani, na mtamuonea huruma, mana nyinyi watu wema. Ushusheni uzi huu, mumshikishe mkononi. Halafu mumwambie.